Kombe Litaondoka, Hewa Itabaki

Tangu tarehe 27 Septemba 2023, CAF ilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, maandalizi yamezungumzwa kwa lugha ya nyasi, viti, taa, hoteli na viwanja vya ndege. Ni sawa, maana bila nyasi hakuna mpira, na wakaguzi wa CAF wana orodha yao ya kukagua. Lakini kipo kitu ambacho kila mchezaji na kila mtazamaji atakitumia tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na ni nadra kukisikia kikitajwa jukwaani: hewa. Hoja ya safu hii ni kwamba miji yetu isiige njia ya kusafisha hewa kwa wiki chache kwa kusimamisha magari na kufunga viwanda. Njia hiyo ilibuniwa kwa miji yenye uchafuzi wa aina nyingine, na hata huko matunda yake hayakudumu. Uchafuzi wetu unatoka kwenye mioto midogo iliyo mingi, kwenye injini chakavu za dizeli na kwenye barabara za vumbi. Hivyo vitatu vinahitaji kazi ya kila siku ya halmashauri, na amri ya mwezi mmoja haiviwezi. Kwa hiyo kila shilingi itakayotengwa kwa ajili ya hewa ya kombe ipelekwe kwenye jambo litakaloendelea kufanya kazi timu za wageni zikishapanda ndege.

Msomaji wa Gehandu, Dongobesh au Katesh ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Mechi hazitachezwa Mbulu wala Hanang; uwanja wa karibu ni ule mpya wa Arusha wenye nafasi ya watazamaji 30,000, na wengi wetu tutaufikia kwa basi kupitia Babati au Karatu. Lakini eneo hili lina deni la kudai katika suala la hewa na michezo kuliko maeneo mengi ya nchi. John Stephen Akhwari wa Mbulu ndiye aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Gidamis Shahanga kutoka Hanang alitwaa marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na miaka minne baadaye akachukua mita 10,000 kule Brisbane. Fabian Joseph wa Babati alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, na Gabriel Geay, Mmanyara mwingine, alishika nafasi ya pili Boston mwaka 2023. Hao wote walikulia kwenye hewa ya milimani, mazoezi wakayafanya kwenye njia za udongo, kisha riziki yao wakaifuata mijini, kwa sababu ni mijini wanakoishi wadhamini, kamera na watazamaji. Mkoa unaozalisha wakimbiaji una sababu ya kujali mji unawavutisha nini.

Mwili wa mwanamichezo unaonyesha kwa nini. Mtu aliyekaa kimya huvuta lita sita hadi nane hivi za hewa kwa dakika. Mkimbiaji aliyekaza mwendo huvuta zaidi ya lita 100, tena huivuta kwa mdomo, njia isiyo na vinyweleo vya pua vya kuzuia vumbi. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo hupita koo, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2008 Haile Gebrselassie wa Ethiopia, wakati huo akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alikataa kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa sababu ana pumu na aliihofia hewa ya jiji hilo. Alikimbia mita 10,000 akawa wa sita, kisha tarehe 28 Septemba akaenda Berlin na kuivunja rekodi yake mwenyewe kwa saa 2:03:59. Na wanasoka hawako salama zaidi. Watafiti waliochambua mechi za ligi kuu ya Ujerumani za zaidi ya miaka kumi walikuta kwamba siku ambazo hewa ya mji wenyeji ilikuwa na chembe nyingi zaidi, wachezaji walipiga pasi chache zaidi. Ujerumani ni nchi yenye hewa safi kuliko miji mingi ya kwetu, na bado tofauti ilionekana uwanjani.

Beijing ndiyo mfano ambao kila mpangaji wa michezo huukimbilia, nasi tuna uhusiano nao wa karibu kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 13 Aprili 2008 mwenge wa Olimpiki hiyo ulipita Dar es Salaam, kituo chake pekee barani Afrika. Ulianzia stesheni ya TAZARA ukaishia kwenye Uwanja wa Taifa uliojengwa kwa msaada wa China, ambao leo tunauita Benjamin Mkapa na ambao unasubiri mechi za 2027. Kule China, kuanzia tarehe 20 Julai mwaka huo, magari yenye namba witiri na yenye namba shufwa yalipokezana siku za kuingia barabarani. Viwanda vikubwa vilipunguza au kusimamisha uzalishaji, na maeneo ya ujenzi yakafungwa. Hewa ilisafika kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la JAMA la Marekani uliwafuatilia vijana 125 wenye afya njema, ukakuta kwamba viashiria vya uvimbe na vya kuganda kwa damu mwilini mwao viliboreka wakati wa michezo, na vingi vikarudi vilikokuwa masharti yalipolegezwa. Utafiti mwingine ulikuta watoto ambao mwezi wa nane wa mimba zao uliangukia kipindi cha michezo walizaliwa na uzito uliozidi kwa wastani wa gramu 23 uzito wa watoto wa miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa mara mbili. Yanathibitisha kwamba hewa ikisafishwa mwili hupokea faida ndani ya wiki chache, hata mwili wa kijana mzima na hata wa mtoto ambaye hajazaliwa. Lakini yanathibitisha pia kwamba wakazi wa Beijing walipewa afya kwa mkopo, kisha ikachukuliwa. Mama aliyekuwa na mimba ya miezi minane mwezi Agosti 2008 alibahatika. Wa Agosti 2009 hakubahatika, na hakuna lolote alilokosea. Usafi wa kudumu wa jiji hilo ulikuja baadaye, kwa mpango ulioanza mwaka 2013 wa kuondoa makaa ya mawe majumbani na viwandani, kukaza viwango vya magari na kupima hewa hadharani. Wastani wa mwaka wa chembe ndogo ulikuwa karibu mikrogramu 90 kwa mita ya ujazo mwaka 2013, ukashuka hadi 30 mwaka 2022. Kazi hiyo ilichukua miaka tisa, na anayetaka kujifunza kutoka Beijing aanzie hapo.

Kuna mfano wa zamani zaidi unaotufundisha kutojivunia mapema. Atlanta ilipoandaa Olimpiki mwaka 1996 iliongeza mabasi na kuwasihi wakazi waache magari nyumbani. Watafiti walitangaza mwaka 2001 kwamba msongamano wa asubuhi ulipungua kwa asilimia 22.5, kilele cha ozoni kilishuka kwa asilimia 27.9, na matibabu ya dharura ya pumu kwa watoto wa familia maskini waliokuwa chini ya bima ya serikali yalishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Habari hiyo ilizunguka dunia. Watafiti wengine walipoirudia kazi hiyo mwaka 2010 waligundua kwamba ozoni ilishuka pia katika miji mingine ya ukanda huo, ambayo haikuwa na michezo wala mabasi ya ziada. Kumbe hali ya hewa ya wiki hizo ilichangia sehemu kubwa ya mafanikio yale. Ninauheshimu sana uchunguzi huo wa pili, kwa sababu unatukumbusha kwamba asiye na vipimo vya kabla, vya wakati wa michezo na vya baada yake, tena vya mji wa jirani wa kulinganisha, hawezi kujua kama amesafisha hewa au amepata upepo mzuri.

Na upepo wetu wa katikati ya mwaka haufanani kila mahali. Mashindano yamepangwa kwa Juni na Julai. Dar es Salaam na Zanzibar wakati huo huwa na kusi, ambayo huupeleka moshi bara. Kampala huwa imetoka kwenye mvua za masika na kuingia kiangazi, na vipimo vya huko vinaonyesha chembe huongezeka nyakati za ukavu. Nairobi huwa na mawingu na baridi, na asubuhi za baridi hewa ya chini hupanda polepole, hivyo moshi wa alfajiri hukaa usawa wa pua za watu. Arusha nayo ina baridi yake ya chini ya Meru, na juu ya baridi hiyo ina vumbi. Mpango mmoja ulioandikwa kwa ajili ya nchi zote tatu utakosea angalau katika miji miwili.

Sasa turudi kwenye kishawishi cha kupiga marufuku magari kwa namba. Jiji la Mexico limekuwa na sheria ya aina hiyo tangu mwaka 1989. Uchambuzi uliotoka mwaka 2008 haukupata ushahidi kwamba hewa iliboreka, bali ulikuta magari yameongezeka, kwani wenye uwezo walinunua gari la pili, mara nyingi kuukuu, la kutumia siku ambayo la kwanza limefungiwa. Kwetu sheria hiyo ingekuwa na kasoro nyingine kubwa zaidi: wakazi wengi wa Dar es Salaam, Kampala na Nairobi hawana gari. Wanapanda daladala, matatu, bajaji na bodaboda, au wanatembea. Kusimamisha nusu ya magari binafsi ni kugusa kipande kidogo cha tatizo huku daladala lile lile la dizeli likiendelea kutoa moshi mweusi kila linapotoka kituoni. Kusimamisha nusu ya daladala ni kumwacha mfanyakazi barabarani. Kwa upande wa viwanda, ukifunga kiwanda cha Chang'ombe kwa mwezi mmoja umewanyima watu mshahara, na lile lundo la taka linalochomwa nyuma ya nyumba halijui kama kiwanda kimefungwa.

Ni vyema kuutazama uwanja wenyewe siku ya mechi kubwa. Kuanzia saa sita mchana, pembezoni mwa barabara zinazoingia Uwanja wa Mkapa, wauza chipsi na mishikaki huwa wamewasha majiko ya mkaa, mahindi yanageuzwa juu ya wavu, na kila jiko linapepewa ili lishike moto haraka. Bodaboda zimejipanga zikisubiri abiria, nyingi zikiwa zinanguruma. Daladala za Temeke na Mbagala zinasimama na injini ikiwa hai wakati konda anaita watu, dakika kumi, dakika ishirini. Si mbali na hapo, Barabara ya Nelson Mandela inapitisha malori ya makontena na ya mafuta kutoka bandarini kuelekea TAZARA, Buguruni na Ubungo, mengine yakiwa na safari ya Zambia na Kongo, na kwenye foleni hayo hunguruma tu papo hapo. Mechi ikiisha, chupa na mifuko hufagiliwa kando. Taka isipozolewa usiku huohuo, kuna mtu ataiwasha alfajiri, na moshi wa plastiki ni miongoni mwa mibaya kabisa ambayo binadamu anaweza kuvuta. Watoto wa mitaa ya jirani huuvuta wakielekea shule. Mchezaji wa timu ya taifa ya ugenini ataivuta hewa hiyo kwa dakika tisini. Muuza mishikaki huivuta mwaka mzima.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kukirekebisha kunahitaji teknolojia ngeni. Wauza chakula wa maeneo ya viwanja wangeweza kuwa wa kwanza kupewa majiko na mitungi ya gesi ya kilo sita kwa bei ya ruzuku, utaratibu ambao Wakala wa Nishati Vijijini tayari umeutumia mikoani. Kuzima injini kituoni kunaweza kuwa sharti la leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, likasimamiwa na askari walewale wa usalama barabarani waliopo. Mabasi ya mwendokasi yanayotumia gesi kwenye njia ya Mbagala yanapita Barabara ya Kilwa, umbali mfupi kutoka uwanjani. Yakiongezwa siku za mechi na yakabaki yakifika kwa wakati siku zisizo na mechi, yataondoa daladala chakavu bila amri ya mtu. Malori yanaweza kupangiwa saa, na makontena mengi zaidi kusukumwa kwa reli hadi bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, ili lori lichukue mzigo likiwa nje ya jiji. Reli ya kisasa inayotumia umeme ilianza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Shabiki wa Morogoro atakayeshuka stesheni badala ya kuja na gari lake ni mchango wa hewa safi ambao tayari umeshalipiwa.

Arusha inahitaji kazi ya namna nyingine, na naona huko ndiko tunakoweza kupoteza nafasi kwa urahisi. Uwanja mpya huleta malori ya kokoto, barabara za muda na viwanja vya kuegesha magari ambavyo huachwa udongo mtupu. Magari elfu kadhaa yakipita hapo Juni, mwezi mkavu, vumbi litapanda hadi kwenye vioo vya nyumba za kando. Mara nyingi dawa inayochaguliwa ni boza la maji kumwagilia asubuhi ya mechi, na kufikia saa nane mchana udongo umekauka. Dawa ya kweli ni lami au mawe kwenye njia za kuingilia, nyasi na miti kwenye maegesho, na mifereji ili mvua za vuli zisiyafumue yote. Hiyo ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ya jiji, na ikifanyika itawafaa wakazi wa kata zinazouzunguka uwanja kwa miaka ishirini. Boza linaondoka na wageni.

Kabla ya hayo yote kuna kupima, na katika hili Tanzania iko nyuma ya jirani zake. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha AirQo, mradi ulioongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, wa kutengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto la kwetu na kuvifunga kwenye nguzo, majengo na hata bodaboda. Kwa vipima hivyo Kampala inajua kwamba wastani wake wa mwaka unazidi zaidi ya mara tano kiwango cha mikrogramu 5 kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na inajua ni mitaa ipi na saa zipi zenye hali mbaya zaidi. Shirikisho la Riadha la Dunia lilianza mwaka 2018 kuweka vipima hewa viwanjani, Addis Ababa ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo, na Kasarani pale Nairobi ikafuata. Sisi tuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na tuna baraza la mazingira, NEMC, la kuzisimamia. Lakini kanuni isiyo na kipimo cha kila siku kinachoonekana na wananchi haimsaidii mzee wa pumu kuamua kama afungue dirisha. Vipima vikianza kufanya kazi sasa karibu na viwanja vya Mkapa, Amaan kule Zanzibar, na Arusha, tutakuwa na takwimu za kabla ya mashindano. Vikiletwa Mei 2027 vitatupa picha za magazetini tu.

Kupima nako kuna udanganyifu wake wa kuchunga. London, ilipokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya 2012 na ikiwa chini ya shinikizo la viwango vya Umoja wa Ulaya, ilinyunyiza barabarani kimiminika cha kugandisha vumbi, na wakosoaji wakaonyesha kwamba baadhi ya barabara zilizochaguliwa zilikuwa zile zenye vipima hewa. Mji wowote unaweza kushawishika kusafisha pale kipima kilipo. Kinga yake ni kuweka vipima vingi, vingine mbali na njia za wageni: Mbagala, Tandale, karibu na dampo la Pugu, kwenye vituo vya daladala na kwenye viwanja vya shule.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la riziki, na ndilo zito kuliko yote. Muuza mkaa, mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye daladala moja alilolinunua kwa mkopo watasema usafi huu utalipiwa na wao. Hofu yao ina msingi, kwa maana miji yetu imezoea kupokea wageni kwa kuwafukuza wafanyabiashara wadogo barabarani, na neno mazingira linaweza kugeuzwa kuwa fimbo mpya ya kazi ile ile. Ndiyo maana ninasisitiza kubadilisha jiko na kumwacha mpishi mahali pake. Mama lishe anayetumia gesi anapika haraka na halipii matibabu ya kikohozi. Anachokosa ni mtaji wa mwanzo, na huo ndio ruzuku inapaswa kuuziba. Daladala likikutwa na moshi mweusi, mwenye nalo apewe muda wa kurekebisha na mkopo wa kulibadilisha, kisha sheria ifuate. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Uganda imeweka ukomo wa miaka 15 tangu 2018, na Tanzania inatoza kodi ya ziada kwa umri. Nchi tatu zinazoandaa kombe moja, ambazo tangu Januari 2015 zimekubaliana dizeli isizidi salfa ya sehemu 50 kwa milioni, zinaweza pia kukubaliana kuhusu injini inayoichoma dizeli hiyo. Mafuta safi yakitiwa kwenye injini iliyochoka bado yanatoka na masizi.

Wengine watasema kutangaza vipimo vibaya kutawatisha watalii, na Arusha na Zanzibar zinaishi kwa watalii. Nadhani hesabu hiyo imepitwa na wakati. Leo msafiri huona makadirio ya hewa ya mji wowote kwenye simu yake, yamekokotolewa kwa setilaiti, na madaktari wa timu kubwa huyaangalia kabla ya kupanga mazoezi. Mji usiopima unaandikiwa na wengine. Kampala ilichapisha takwimu zake, nyingine mbaya sana, na uenyeji wa 2027 haukuiponyoka. Wapo pia wanaoamini kwamba bahari inatutosha, kwamba kusi inafagia kila kitu. Upepo haumalizi moshi, unauhamisha. Anayeishi Masaki huupata upepo kutoka baharini ukiwa safi. Ukishapita juu ya majiko, injini na majalala ya mitaa ya ndani, anayeishi Ubungo au Kimara huupata ukiwa umebeba mzigo.

Pingamizi la mwisho linatoka kwetu sisi wa nyanda za juu: mbona tunawahangaikia wa mijini, ilhali hewa ya Gehandu ni safi? Nje ni safi, ndiyo. Ndani ya jiko la kuni lisilo na dirisha si safi hata kidogo, na huko anayevuta zaidi ni mama, na binti aliyetoka mazoezini jioni akapewa zamu ya kuwasha moto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na serikali yetu imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka nchini. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo moto wa mishikaki pale Temeke na moto wa ugali huku kwetu iko chini ya sera moja, na gesi itakayoletwa kwa ajili ya uwanja itauzwa kwa bei nafuu zaidi vijijini ikiwa soko litakuwa limekua. Hatari ninayoiona ni mitungi kuelekezwa yote kwenye miji ya mechi hadi kombe lipite, na Mbulu na Hanang kuambiwa zisubiri. Wabunge wetu wanapaswa kuuliza hilo mapema.

Wabunge hao wana pia jambo moja la kitabu cha fedha la kulifuatilia. Mwaka wa fedha wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, huisha tarehe 30 Juni. Mashindano yaliyopangwa kwa Juni na Julai yatakuwa na mguu mmoja kwenye bajeti ya 2026/27 na mwingine kwenye 2027/28. Fedha za maandalizi ziko kwenye ile ya kwanza, na huko hakuna atakayezibania, kwa kuwa dunia itakuwa inatazama. Vipima hewa vinahitaji kubadilishwa vihisio, kusawazishwa na kulipiwa mawasiliano kila mwezi. Magari ya taka yanahitaji mafuta na matairi. Ruzuku ya mitungi inahitaji kujazwa tena. Barabara za Arusha zinahitaji matengenezo baada ya mvua za kwanza. Hayo yote yanaangukia bajeti ya pili, itakayopitishwa Dodoma wiki zile zile ambazo macho ya wengi yatakuwa kwenye ratiba ya makundi. Fungu hilo liandikwe kwa jina lake, na kiasi chake kisomwe bungeni kabla mpira wa kwanza haujapigwa.